Mgeni Aliyepewa Jembe na Daftari

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakasema vile vile: mgeni njoo, mwenyeji apone. Misemo hii miwili tumelelewa nayo sote, wala hatukupata kudhani kwamba yaweza kugombana. Mimi nimeiona ikigombana, msomaji mpenzi, si kwetu pwani bali bara, huko Thika na Ruiru. Nimemwona mgeni akipewa jembe, akalima kwa nia safi na jasho jingi, na mwenyeji asipone, tena akaumia. Na aliyekuwa karibu kuliko wote, akaona na asione, ni mimi ninayeandika haya.

Miaka michache iliyopita niliitwa Ruiru kuwasomesha Kiswahili wanafunzi 12 wa chuo kimoja cha Marekani. Walikuja kwa wiki 6, kwa ile namna ya masomo ambayo mtu hujifunza kwa kutumikia: mwanafunzi hukaa na wenyeji, hufanya kazi wanayoihitaji, na kazi hiyo ikawa ndiyo kitabu chake. Mwisho wa safari huandika alichojifunza, akapewa alama zake kama anavyopewa za hisabati au historia. Waliokuwa wakipanga safari waliniambia kwamba wanataka mwalimu aliyezaliwa na lugha. Nikafurahi, nani asiyependa kusifiwa? Nikafunga mkoba wangu, nikaaga nyumbani Mombasa, nikapanda gari.

Ruiru si mji wa picha za watalii. Zamani ilikuwa nchi ya kahawa, na hata leo kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapo. Aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imelibeba jina la mji huo hadi nchi za mbali. Lakini mashamba mengi yamekatwa viwanja, na ghorofa za kupanga zimeota mahali pa mibuni. Ile barabara pana ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 ikazidi kuleta watu kama maji ya bamvua, na sensa ya mwaka 2019 ikaonyesha kwamba mji wa Ruiru umeupita wa Thika kwa wingi wa wakazi. Mbele yake, mwendo wa kilomita 20 hivi, ndipo Thika penyewe, mji wa viwanda na wa mananasi, ambapo maji ya mto Chania na mto Thika yanaporomoka karibu karibu. Mimi nilifika mwezi wa Julai, na baridi ya huko mwezi huo, kwa mtu aliyezoea joto la Mombasa, ni mtihani peke yake.

Wageni wangu walikuwa wameijua Thika kabla ya kuiona, au ndivyo walivyodhani. Walikuwa wamesomeshwa kwao kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichochapishwa mwaka 1959, ambamo mwandishi anasimulia utoto wake hapo, wazazi wake Waingereza walipokuja kuanzisha shamba la kahawa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni kitabu kizuri. Ila ni Thika inayotazamwa kutoka barazani kwa mwenye shamba, na vijana wale walipofika walikuwa bado wanaitafuta baraza ile ile wakae juu yake.

Walipangwa katika nyumba za watu, Ruiru. Asubuhi wakipanda matatu hadi Thika, wakienda kwenye shule moja ndogo ya vyumba vya mabati katika mtaa wa Kiandutu. Wakifundisha Kiingereza na hesabu, wakipaka ukuta rangi, wakicheza na watoto. Alasiri wakirudi kwangu kwa Kiswahili. Usiku kila mmoja na daftari lake, akiandika tafakuri ya siku. Madaftari hayo yakiletwa kwangu kila Ijumaa, kwa kuwa kurasa mbili zilitakiwa ziandikwe kwa Kiswahili.

Nikayasoma. Lo! Mayai kumi na mawili ya kuku mmoja. Kila mmoja aliandika kwamba watoto wa Kiandutu ni maskini lakini wana furaha. Kila mmoja aliandika kwamba yeye amebarikiwa, na kabla ya hapo hakuwa akijua. Kila mmoja alikuwa amelia siku ya tatu. Na mimi nikafanya nini? Nikachukua kalamu nyekundu. Palipoandikwa "watoto yana furaha" nikapiga mstari, nikaandika "wana furaha." Ngeli nikazisahihisha zote. Neno lenyewe, kama ni kweli au si kweli, sikuligusa.

Sharti nikueleze, msomaji, kwamba elimu ya namna hii haikuanza jana. Mwaka 1958 mchungaji mmoja wa New York, James Robinson, alianzisha Operation Crossroads Africa, akawa anawaleta vijana wa Marekani kufanya kazi za mikono bega kwa bega na vijana wa Afrika. Jina la Kiingereza la masomo haya hunasibishwa na Robert Sigmon na William Ramsey, waliolitumia mwaka 1967. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha Marekani kimekuwa kikileta wanafunzi wake kusoma na kukaa na jamaa za wenyeji tangu mwaka 1974. Na sisi wenyewe tumewahi kuwatuma wasomi wetu kutumikia. Tanzania ilipowalazimisha wanafunzi wa vyuo kuingia jeshi la kujenga taifa, wale wa Dar es Salaam waliandamana mwezi Oktoba 1966, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Kenya nayo mwaka 1984 ikawataka vijana wanaoingia chuo kikuu wapitie kwanza Huduma ya Vijana kwa Taifa.

Waliopinga nao wamekuwapo. Mwaka 1968 padri Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kuhudumu vijijini Mexico, akawaambia bila kupepesa macho kwamba waje wakitaka kutazama na kusoma, ila wasije kusaidia. Niliposoma habari ya hotuba hiyo mara ya kwanza nilidhani mzee huyo ana roho ngumu. Baada ya Thika, simdhanii hivyo tena. Ingawa, kama utakavyoona, sikubaliani naye hadi mwisho.

Sasa nirudi kwenye kisa. Mmoja katika wale vijana alikaa kwa mama mjane mwenye duka dogo la rejareja. Jioni moja nilialikwa chai hapo. Mama akawa anachambua maharagwe kwenye ungo, na kijana akimsimulia, kwa Kiswahili cha kubahatisha, jinsi alivyofundisha darasa la pili kutoa na kujumlisha. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza bila kuinua macho.

"Mwanangu, ukirudi kwenu, darasa hilo atalisomesha nani?"

Kijana akafikiri. "Mwalimu mwingine."

"Na kabla hujaja, alikuwa akilisomesha nani?"

"Sijui."

"Sasa hivi yuko wapi?"

Kijana akanigeukia mimi, kana kwamba ni swali la ngeli. Nami sikuwa na la kumsahihishia. Maana palepale, kikombe mkononi, nilikumbuka. Siku ile ya kwanza kabisa tulipofika shuleni, kulikuwa na mwanamke kijana mlangoni pa darasa lile. Alinipa boksi la chaki. Akasema, "Karibuni." Nikamjibu, "Ahsante." Akavuta sweta lake, akaenda zake. Wala sikumwuliza aendako.

Kesho yake kijana aliuliza. Mwanamke yule alikuwa mwalimu msaidizi, akilipwa kwa siku. Wageni walipotangazwa, mkuu wa shule alimwambia apumzike mpaka watakapoondoka, kwa kuwa hakuna haja ya kumlipa mtu kwa kazi inayofanywa bure na wengine. Usikimbilie kumlaumu mkuu huyo. Shule yake ilikuwa ikiishi kwa karo za wazazi ambao nusu yao hawana. Ujira aliouokoa ulinunua unga wa uji wa watoto. Hesabu yake ilikuwa sawa. Ila ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa sokoni Makongeni akiuza sukuma wiki, mtoto mgongoni, siku ya kumi sasa.

Daftari la kijana yule wiki ile halikuwa na furaha ya watoto. Lilikuwa na mistari michache tu: kazi yangu ilikuwa ya mtu, mtu huyo amekosa ujira wa siku kumi, mimi nimekuja kumsaidia nani? Nikatafuta kosa la Kiswahili nisilione. Kalamu nyekundu haikupata kazi.

Jumamosi mwalimu yule akaitwa Ruiru, nyumbani kwa mama mjane, na wanafunzi wote wakakusanyika. Kijana akaeleza. Wasichana wawili wakaanza kulia, na mwingine akatoa pesa, akaanza kuzungusha kofia. Mwalimu akainua mkono.

"Mimi sikuja kuombewa," akasema. "Machozi yenu hayalipi kodi ya nyumba, na hizo pesa zenu ni za leo tu. Mimi nataka darasa langu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mzee, si ndiwe niliyekupa chaki?"

Nikainama. Nimetunga mashairi mengi juu ya haki, mengine yamesomwa mbele ya watu wakubwa, na siku ile sikupata hata ubeti mmoja wa kumjibu.

Mambo yalitengenezwa kwa kiasi yalivyotengenezeka. Waliopanga safari walisema bajeti imefungwa. Tukabishana siku mbili. Mwishowe wakakubali kumlipa kama mwalimu wa safari, kwa kuwa kweli alikuwa anakwenda kuwafunza wageni. Jumatatu akarudi darasani mwake, na wanafunzi wa Marekani wakakaa nyuma kwenye madawati, wakamsaidia kusahihisha madaftari na kumfuata mtoto aliyebaki nyuma katika somo. Ile zamu ya siku kumi na ziada haikurudi. Ilikwenda.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa dhati: inakuwaje vijana 12 wenye akili, na mzee mmoja aliyejiita mshairi, waandike na kusoma tafakuri kila siku, na wasitafakari? Mama mwenye ungo wa maharagwe aliyapata kwa maswali matatu. Kulikoni?

Mmarekani John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1910 juu ya namna tunavyofikiri, alieleza kwamba fikira ya kweli huanza pale mtu anapokwama, njia ikampotea, akashuku, akalazimika kutafuta. Madaftari yetu hayakumkwamisha mtu. Yaliuliza: leo umejisikiaje? Na anayeulizwa alivyojisikia, atakujibu alivyojisikia. Mwalimu mwingine wa huko, Terry Borton, mwaka 1970 alitoa maswali matatu mepesi ambayo walimu wa masomo haya wanayatumia hadi leo: ni nini kilichotokea, kina maana gani, na sasa tufanye nini. Sisi tuliruka la kwanza. Tulikimbilia maana kabla ya kujua kilichotokea, na kilichotokea ni kwamba mtu alikuwa ametolewa kazini.

Nami nikakumbuka ya chuoni, nilipokuwa mtoto na ubao wangu wa mti. Mwalimu wetu hakutosheka kwamba umesoma. Jana umesoma, leo sharti udurusu, urudie mbele yake yeye, na palipo na kosa anagonga ubao. Peke yako ulikuwa unasoma vizuri sana! Kosa halionekani mpaka kuna sikio jingine. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa yake aliweka kitabu kizima juu ya kuichunga nafsi na kuihesabu, na kinachofuata akakiweka juu ya kutafakari. Alichukua mfano wa biashara: nafsi ni kama mshirika unayempa mali yako. Kwanza mwekeane masharti kabla hajaondoka. Kisha umchunge akiwa kazini. Kisha akirudi umkalishe umhesabu. Watu wa majahazi hawahitaji kufafanuliwa hilo. Nahodha hahesabiwi kwa kuulizwa kama amefurahia safari.

Mwaka uliofuata kundi jingine lilipokuja, mhadhiri mmoja Mkenya, mama mwenye duka, mwalimu wa Kiandutu na mimi tulikaa tukaipanga kozi upya. Tuliifuata njia hiyo ya hesabu tatu, na naieleza hapa kwa kuwa yaweza kumfaa mtu.

Ya kwanza, masharti kabla ya safari. Kila mwanafunzi, angali kwao, aliandika nani tayari anaifanya kazi anayokuja kuifanya. Thika si jangwa lililokuwa likingoja mgeni. Shule ya Vipofu ya Thika imekuwapo tangu mwaka 1946. Juja, kati ya Ruiru na Thika, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Na Thika mjini kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2011. Kuna walimu, wauguzi, vyama vya akina mama, misikiti na makanisa. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika ukurasa huo hafiki akidhani yeye ndiye mvua ya kwanza. Na kazi yenyewe ikachaguliwa na wenyeji, ikaandikwa, pamoja na sharti moja lisilovunjwa: mgeni hachukui nafasi ya mtu anayelipwa.

Ya pili, kuchunga wakati wa kazi. Tukapunguza kazi yenyewe. Waliopanga safari walilalamika sana juu ya hili, kwani wafadhili wanapenda kuta zilizopakwa rangi. Lakini mtu anayefanya kazi kutwa na kulala hoi hana nafasi ya kufikiri. Kazi ikawa asubuhi tu. Daftari tukaligawa kurasa mbili mbili: upande wa kushoto, ulichokiona na kukisikia, bila neno la sifa wala la huruma, upande wa kulia, unalolidhani. Ukiandika kushoto kwamba watoto wana furaha, unaulizwa: umeona nini? Amecheka? Alicheka lini, na nani? Na mwenye njaa hacheki? Baada ya wiki unarudishiwa kurasa zako uzidurusu, uandike pembeni ulipokosea. Nakwambia, msomaji, pembe zile ndizo zilizokuwa kitabu.

Na jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: tuliweka wa kujibu. Sisi washairi wa magazetini tunalijua hili. Unatunga shairi, unalituma. Wiki mbili baadaye mtu wa Tanga au wa Lamu anakujibu kwa bahari ile ile, anakuonyesha hoja yako ilipovuja. Shairi lisilojibiwa humfanya mtunzi ajione bingwa. Tafakuri isiyojibiwa ndivyo ilivyo. Mwaka wa kwanza daftari lilitoka kwa mwanafunzi likaenda kwa mwalimu wake Marekani, watu wawili wa upande mmoja wakisifiana. Mwaka wa pili, kila Alhamisi, tulikaa duara Ruiru, mwanafunzi akasoma ukurasa wake kwa sauti, kwa Kiswahili, na mwenyeji akamjibu. Wenyeji walilipwa kwa hilo kama walimu, kwani ndio waliokuwa wakisomesha.

Haikuwa kazi laini. Msichana mmoja alisoma kwamba mama anayemkaribisha ni mkarimu, humwachia nyama yote. Mama akamjibu, "Nakuachia kwa sababu niliambiwa usipokula nitaandikiwa ripoti." Duara lote likanyamaza. Msichana akawa mwekundu kama tango la mgwisho. Lakini tangu siku hiyo walianza kupika pamoja na kula pamoja. Akaandika upande wa kushoto bei ya nyama, na upande wa kulia akaandika kwamba yeye alikuwa mzigo akijidhani ni mgeni.

Ya tatu, hesabu baada ya safari. Kabla ya kuondoka, kila mmoja alisimama mbele ya wenyeji akaeleza kazi iliyofanyika, iliyoharibika, na iliyobaki. Wenyeji wakauliza. Kisha, miezi mitatu baadaye, kila mmoja akatakiwa aandike barua kutoka kwao: umebadilisha nini hapo ulipo? Maana mtu akitoka Thika akarudi kwao akawa yuleyule, basi alichokipata ni picha.

Juu ya alama kulikuwa na mjadala mrefu. Ukiipa tafakuri maksi, wajanja watajifunza kulia kwa Kiingereza safi. Hilo nililiona mwaka wa kwanza. Usipoipa, wavivu hawataandika. Mhadhiri wetu akakata shauri kwamba maksi zisitolewe kwa hisia, wala kwa kuungama makosa, bali kwa jambo moja: je, mwanafunzi ameonyesha mahali alipodhani hivi, akakuta ushahidi, akadhani vingine? Aonyeshe na ushahidi wenyewe. Nilikubali. Machozi ni mali ya mtu, hayahitaji alama.

Tuliongeza na katazo. Hapakuwa na kazi katika vituo vya kulelea watoto yatima, hata wageni walipoomba. Mtoto aliyekwisha kupoteza wazazi haletewi kila mwezi mpenzi mpya wa wiki nne kisha akaondoka. Serikali ya Kenya yenyewe, katika mkakati wake wa mwaka 2022 hadi 2032, imeamua kuwatoa watoto vituoni taratibu na kuwarudisha katika malezi ya jamaa. Kozi ya mgeni isiende kinyume cha hapo kwa ajili ya picha moja ya kupeleka nyumbani.

Pengine utaniuliza: haya ya Thika na Wamarekani yanatuhusu nini sisi wa pwani? Yanatuhusu. Wageni wa namna hiyo wanafika Mombasa, Malindi na Lamu, wakakaa majumbani mwetu, nasi twawapa tende na kahawa tukaona aibu kuwauliza swali. Adabu ya mgeni ni wajibu, lakini kumwuliza mgeni swali la kweli ni sehemu ya kumkirimu. Kumwacha aondoke na ujinga wake si ukarimu. Tena sasa watoto wetu wenyewe wamo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, umeyatia mafunzo ya huduma kwa jamii ndani ya masomo ya shule. Na kila Ramadhani vijana wetu wanapakia unga na mchele kwenye magari, wakagawa vitongojini, wakapiga picha, wakarudi. Nani amewakalisha akawauliza mwenye duka wa kitongoji kile aliuza nini wiki ile? Sisemi wasitoe, Mungu atuzidishie. Nasema wahesabiwe, na anayewahesabu awe ni aliyepokea.

Ndiyo maana sikubaliani na padri Illich hadi mwisho. Yeye alitaka mgeni asiguse jembe. Mimi namtaka alishike, mradi kwanza aulize lilikuwa mkononi mwa nani.

Nilidhani makala haya yataishia hapo. Lakini swali la mama wa maharagwe lilikuwa halijamaliza kazi yake. Usiku mmoja wa mwaka ule wa pili, nikiwa nimejifunika blanketi mbili na baridi ya Ruiru ikinila miguu, niliwasha taa nikachukua daftari. Kushoto nikaandika: nasomesha Kiswahili wanafunzi wa kigeni, nalipwa, nalazwa. Nikajiuliza: kabla sijaja, darasa hili lilikuwa la nani?

Asubuhi nikawauliza waliopanga safari. Wakaniambia, bila wasiwasi, kwamba mwaka kabla yangu alikuwa akisomesha binti mmoja wa Thika, mhitimu wa Kiswahili wa chuo kikuu, mwalimu mzuri. Ila waliona itapendeza zaidi wapate Mswahili wa pwani, mshairi. Yuko wapi sasa? Hawakujua kwa hakika. Nikamtafuta. Nikampata Makongeni, hatua chache kutoka mahali pale palipouzwa sukuma wiki, akisomesha watoto wa watu masomo ya jioni.

Nilipomweleza, alicheka kidogo, kwa upole kuliko nilivyostahili. "Mwalimu," akaniambia, "mimi makala zako nilikuwa nikiwasomesha."

Siku hizi darasa ni lake. Mimi huenda wiki moja tu, katikati ya kozi, kuwasomesha wanafunzi mizani na vina, naye hukaa mbele, mimi nikakaa ubavuni. Madaftari anayasoma yeye. Na lile langu la Ruiru nimempa pia. Amelirudisha juzi, amelijibu pembeni, kwa kalamu nyekundu, na makosa aliyoyapiga mstari si ya ngeli.